Karatasi ya kura ya Juni ndo ilibadilisha mbio za ugavana New Jersey

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi huku New Jersey tukiulizwa uchaguzi wa gavana ulikuwa lini, wengi tunajibu Novemba 4, 2025, Mikie Sherrill wa Democratic akamshinda Jack Ciattarelli wa Republican, yeye asilimia 56 na kitu, mwenzake 42 na kitu, basi, imeisha hiyo. Mimi nasema uchaguzi wenyewe ulikuwa Juni 10, siku ya mchujo wa vyama, na ukitaka kuuelewa sawasawa itabidi urudi nyuma mpaka 2024, kwenye korti moja hapo Trenton ambako mawakili walibishana kutwa nzima kuhusu majina ya wagombea yapangwe vipi kwenye karatasi. Naandika haya kwa sababu kila nikienda kanisani au kwenye harusi za watu wetu huku Jersey City na Elizabeth nakutana na watu walioapa uraia, wamejiandikisha, Novemba wanapanga foleni kwa moyo wote na baridi ile, lakini ukiwatajia Juni wanakuuliza, Juni kuna nini?

Kwanza tuelewane kuhusu kiti chenyewe, manake ukisema gavana mtu aliyetoka Kenya anafikiria kaunti. Hapa jimbo moja lina watu zaidi ya milioni 9, na gavana wa New Jersey ni miongoni mwa magavana wenye nguvu sana Marekani nzima. Viongozi wa serikali ya jimbo wanaopigiwa kura na jimbo zima ni yeye na naibu wake tu, wengine anateua yeye, mwanasheria mkuu wa jimbo anateua yeye, majaji wa mahakama kuu ya jimbo anapendekeza yeye halafu seneti ya jimbo inaidhinisha. Haruhusiwi kukaa zaidi ya vipindi viwili mfululizo vya miaka 4, ndo maana Phil Murphy aliyeshinda 2017 na 2021 ilibidi aondoke. Na uchaguzi wao unafanyika mwaka unaofuata ule wa rais, ni New Jersey na Virginia tu zinafanya hivyo, kwa hiyo macho ya nchi nzima yanageukia huku.

Sasa huyu mtu mwenye nguvu hivyo anapatikanaje? Hapo ndo inaingia ile kitu wenyewe walikuwa wanaita laini ya kaunti, na nataka niieleze polepole kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa huku muda bila mtu kunielezea.

Jimbo lina kaunti 21 na kila kaunti ina chama chake cha Democratic na cha Republican, kila kimoja na mwenyekiti wake. Kabla ya mchujo chama cha kaunti kinakaa, pengine wajumbe wanapiga kura kwenye mkutano, pengine mwenyekiti anaamua na watu wake wa karibu, wanachagua wagombea wanaowataka kuanzia juu, rais, seneta, gavana, mpaka chini kwa diwani wa mji. Hao wote wanachapishwa kwenye safu moja ya karatasi, mfululizo, chini ya kauli mbiu moja ya chama. Ambaye hakubarikiwa na chama, hata awe mbunge aliyeko Washington, anasukumwa pembeni kabisa, safu ya tano au ya saba huko, wakati mwingine kumeachwa nafasi tupu katikati, au anabanwa safu moja na mtu anayegombea kiti kingine kabisa ambaye hata hawajuani. Wanasiasa wa huku walikuwa wanapaita Siberia. Mpiga kura aliyetoka kazini amechoka anaona safu moja imejaa majina vizuri kutoka juu hadi chini, anajua hao ndo wenye chama, anabonyeza anateremka. Kaunti 19 kati ya 21 zilikuwa zinafanya hivi, ni Salem na Sussex tu zilizokuwa na karatasi ya kawaida, na hakuna jimbo lingine Marekani lililokuwa na karatasi ya mchujo kama hii.

Tuliokulia Kenya tumezoea karatasi sita, kila kiti na karatasi yake na rangi yake, rais peke yake, gavana peke yake, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, MCA yaani diwani wa kaunti, na ukitaka kupiga suti ya vipande sita, yaani chama kimoja kwenye karatasi zote, hiyo ni hiari yako, umeamua wewe. Huku karatasi ndo ilikuwa inakuvalisha suti.

Na najua kuna atakayesema ah, hata kwetu mchujo ni fujo tupu, na ni kweli, nani amesahau Aprili 2017 chama cha Jubilee kule Kenya walivyosimamisha mchujo nchi nzima wakaanza upya, karatasi hazitoshi, watu wamejaa vituoni tangu alfajiri. Kuna na ile ya cheti cha moja kwa moja, unaambiwa mwenzako ameshapewa tiketi nenda nyumbani. Lakini angalau kwetu mtu akionewa anajua ameonewa, anapiga kelele, vijana wanatoka barabarani. Huku hakukuwa na fujo yoyote. Vituo vinafunguliwa kwa wakati, maafisa wana adabu, mashine zinafanya kazi, kila kura inahesabiwa, na bado matokeo yalikuwa yameshapangwa na yule aliyechora karatasi. Hilo ndo lilinishtua mimi, na bado linanishtua.

Angalia 2017. Murphy alikuwa mtu wa benki ya Goldman Sachs miaka mingi, halafu balozi wa Marekani Ujerumani wakati wa Obama, tajiri, hajawahi kuchaguliwa popote. Kila mtu alikuwa anatarajia vita kati yake na Steven Fulop, meya wetu wa Jersey City, na Steve Sweeney aliyekuwa rais wa seneti ya jimbo. Septemba 2016 Fulop akajitoa ghafla akamuunga mkono Murphy, Oktoba Sweeney naye akajitoa, kwa nini, kwa sababu wenyekiti wa kaunti kubwa walishaegemea upande mmoja na bila laini zao hakuna mahali unafika. Murphy akabarikiwa na viongozi wa chama wa kaunti zote 21. Zote! Mchujo wenyewe ulikuwa Juni 2017, waliobaki wakina Jim Johnson na John Wisniewski walipambana wakapata kama asilimia 21, 22 kila mmoja, Murphy akachukua 48, na waliojitokeza kupiga kura upande wa Democratic walikuwa kama laki 5 tu. Yaani kiti kile kilikuwa na mwenyewe kabla ya Krismasi ya mwaka uliotangulia, sisi wengine tukaja kukaribishwa Novemba.

Aliyevunja hii kitu ni Andy Kim, na sikuipenda siasa ya huku mpaka nilipomfuatilia huyu jamaa. Mtoto wa wahamiaji kutoka Korea, mbunge wa kusini mwa jimbo, ndo yule aliyepigwa picha usiku wa Januari 6, 2021 amepiga magoti anaokota takataka ndani ya Capitol, jengo la bunge la Marekani, baada ya ule uvamizi wa wafuasi wa Trump. Septemba 2023 seneta Bob Menendez akashtakiwa kwa rushwa, zile habari za vipande vya dhahabu nyumbani, na kesho yake tu Kim akatangaza anagombea useneta wa Washington bila kumwomba mwenyekiti yeyote ruhusa. Novemba akaingia Tammy Murphy, mke wa gavana, hajawahi kugombea kiti chochote, na ndani ya siku chache viongozi wa kaunti kubwa wakampa baraka zao. Fikiria, mume wako ndo gavana, ndo anasaini bajeti, ndo anateua watu, nani atakukatalia laini?

Lakini wajumbe wa kawaida wakakataa. Februari 2024 mkutano wa kwanza mkubwa wa wajumbe ulikuwa Monmouth, kaunti ambayo akina Murphy wenyewe wanaishi, kura za siri, Kim akashinda. Akashinda Burlington, akashinda Hunterdon, huko nako kwa kura za wajumbe. Mwisho wa mwezi huo akafungua kesi korti ya shirikisho na wagombea wengine wawili wanawake, wakisema karatasi hii inavunja katiba ya Marekani. Haikuwa kesi ya kwanza, 2020 kuna mwanamke alikuwa ameshafungua kesi kama hiyo na ilikuwa bado inajikokota, lakini safari hii kulikuwa na mtu mwenye jina na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Maprofesa walileta tafiti zao, mmoja wao Julia Sass Rubin wa chuo kikuu cha Rutgers ambaye alikuwa ameichunguza laini miaka mingi akaonyesha jinsi inavyombeba mtu. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Matt Platkin, aliyeteuliwa na Murphy mwenyewe, akaiandikia korti kwamba kwa maoni yake laini inavunja katiba na hataitetea. Nilisoma hiyo barua mara mbili, manake kwetu mtu kumwandikia hivyo aliyemteua, tena mkewe akiwa mgombea, si jambo la kila siku.

Makarani wa kaunti walijitetea kwamba mashine haziwezi kubadilishwa kwa muda uliobaki. Machi 24 Tammy Murphy akajitoa. Machi 29 jaji Zahid Quraishi akatoa amri, karatasi ya mchujo wa Democratic ichapishwe upya, wagombea wote wa kiti kimoja wawe ndani ya kisanduku kimoja. Wakakata rufaa, wakagonga mwamba. Juni 2024 watu wakapiga kura, mashine zikafanya kazi kama kawaida, na Kim akachukua karibu robo tatu ya kura, leo ni seneta. Amri ile iliwahusu Democratic tu, Republican mwaka huo walibaki na karatasi ya zamani, ndo bunge la jimbo likabidi litunge sheria mpya na Murphy akaisaini Machi 2025, vyama vyote viwili, laini kwaheri.

Kwa hiyo mbio za gavana za 2025 zilikuwa za kwanza bila laini, na hapo utaona mwenyewe tofauti. Upande wa Democratic walijitokeza watu sita na hakuna hata mmoja aliyetishwa akajitoa kabla ya Juni. Mikie Sherrill, mbunge, rubani wa zamani wa helikopta za jeshi la majini na baadaye mwendesha mashtaka. Ras Baraka, meya wa Newark tangu 2014. Fulop wetu karudi, safari hii anapigana na wenyekiti waziwazi. Josh Gottheimer, mbunge wa kaskazini huko Bergen. Sean Spiller, wakati huo rais wa chama cha walimu cha jimbo, ambaye pesa za chama hicho zilimwagwa kwa ajili yake makumi ya mamilioni ya dola, matangazo yake yalikuwa kwenye simu, kwenye tivii, kwenye sanduku la barua, kila mahali. Na Sweeney, fundi wa vyuma aliyepanda akawa mkubwa wa seneti kabla ya kuangushwa 2021 na dereva wa lori.

Nilipokuwa kituoni nimeshika ile karatasi na majina yote sita yapo pamoja sehemu moja, saizi moja, nilisimama nikayasoma yote. Ni kitu kidogo hicho lakini ndo haki yenyewe, kusoma majina yote ya wanaotaka kukutawala bila mtu kukunyooshea kidole pa kubonyeza.

Mimi nilimpigia Baraka na sifichi. Mei 9 alikamatwa pale Delaney Hall, kituo cha kuwafungia wahamiaji hapo Newark, alikuwa anasema mji haujakipa vibali, wakamfungulia shtaka la kuingia bila ruhusa na kabla ya wiki mbili kwisha shtaka likafutwa. Watu wetu wana ndugu ambao kesi zao za hifadhi hazijaisha, mlango kama ule si habari ya gazeti kwetu. Mjomba wangu anayeendesha lori alinicheka akasema, mpwa wangu, huyo hawezi kushinda, na nikamwambia mjomba, hiyo hesabu ya nani anaweza kushinda tuliachiwa na wenyekiti, leo tupige tunayemtaka.

Matokeo: Sherrill kama asilimia 34, Baraka wa pili kama 20, Fulop 16, halafu Gottheimer, Spiller, na Sweeney wa mwisho na 7 hivi. Sasa tazama kilichotokea ndani ya kaunti, kwangu hapo ndo penye utamu. Chama cha Essex kilimbariki Sherrill, wapiga kura wa Essex wakampa Baraka. Chama cha Hudson kilimbariki Sherrill, wapiga kura wa Hudson wakampa Fulop. Zamani hilo lilikuwa karibu haliwezekani. Wale wa chama cha walimu na pesa zao zote wakaishia nafasi ya tano. Na waliopiga kura upande huo wa Democratic walikuwa zaidi ya laki 8, linganisha na zile laki 5 za 2017. Sherrill alibarikiwa na kaunti nyingi, hilo lilimsaidia, na laini ingempa ushindi mkubwa zaidi ya huo, lakini huu aliopata ilibidi autafute mji kwa mji, aingie kwenye midahalo, ajibu maswali. Kuna sheria nzuri huku, mgombea wa ugavana akikubali kikomo cha matumizi serikali inamwongezea dola 2 kwa kila dola 1 anayochangisha, lakini lazima aende kwenye mdahalo, hakuna kujificha. Natamani hata kwetu wangeifikiria hii.

Republican nitawapitia haraka, manake kwao mchujo uliisha Mei Trump alipomuunga mkono Ciattarelli. Bill Spadea, mtangazaji wa redio, alikuwa amejitangaza yeye ndo mtu wa Trump na baraka zikaenda kwa mwenzake, akapata kama 22, Ciattarelli 68 hivi. Seneta wa jimbo Jon Bramnick aliyekuwa anamkosoa Trump waziwazi hakufika hata asilimia 10. Unaweza kuondoa laini ya kaunti kwenye karatasi na bado mtu mmoja aliyeko Washington akaichora tena kwa kuandika mistari miwili mtandaoni, na hilo linanisumbua ingawa si chama changu.

Novemba yenyewe mnaijua. Bili za stima zilipanda kama asilimia 20 Juni hiyo, kwa sababu bei kwenye mnada wa PJM, wale wanaosimamia gridi ya majimbo 13 na Washington, ziliruka sana, mahitaji yanapanda kwa ajili ya hivi vituo vya data na uzalishaji haujaongezeka. Sherrill akaahidi kutangaza hali ya dharura kuhusu stima siku ya kwanza. Ciattarelli akapigania kodi ya nyumba, na hapo alikuwa na hoja, wastani wa kodi hiyo ulipita dola 10,000 mwaka 2024, ndo maana mjomba wangu alimpigia na simlaumu, ana nyumba na ana bili. Watu walidhani itakuwa karibu, manake 2021 Ciattarelli alimkosa Murphy kwa pointi kama 3 tu na 2024 Trump alishindwa hapa kwa 6 hivi. Ikawa pointi 14. Passaic, ambako Trump alishinda 2024, ikarudi kwa Democratic. Januari 20, 2026 Sherrill akaapishwa, mwanamke wa pili kuwa gavana hapa baada ya Christine Todd Whitman, na naibu wake Dale Caldwell ambaye ni mchungaji. Kabla ya hapo, mara ya mwisho chama kimoja kushinda ugavana mara tatu au zaidi mfululizo hapa ilikuwa kati ya 1953 na 1965.

Haya, sasa niseme na wewe ndugu yangu uliyepata uraia majuzi. Kadi ya kijani hairuhusu kupiga kura, usithubutu, utaharibu kesi yako. Ukishaapa, jiandikishe siku 21 kabla ya uchaguzi. Kwenye ile fomu kuna pa kuchagua chama, wengi wetu tunaacha wazi kwa kuogopa siasa, na wapiga kura wa aina hiyo jimboni ni zaidi ya milioni 2. Kama umeacha wazi usijali, siku ya mchujo unaenda kituoni unasema nataka Democratic au nataka Republican, wanakuandika hapo hapo unapiga kura. Ila kama umeshaandikwa chama kimoja na unataka kuhamia kingine, fomu lazima iwasilishwe siku 55 kabla, na hapa ndo watu wengi wanakwama. Mchujo wa 2026 ni Juni 2. Hakuna gavana kwenye karatasi lakini kuna useneta na wabunge wa Washington, na sehemu nyingi kuna vile viti vya wajumbe wa chama wa mtaa, chini kabisa ya karatasi, ambavyo mara nyingi havina hata mgombea. Hao wajumbe ndo wanaomchagua mwenyekiti wa kaunti. Karatasi imebadilika lakini wenyekiti wapo, na baraka zao bado zinatolewa kila mwaka.

Na wenye watoto, tangu Januari 2026 kuna sheria mpya, kijana wa miaka 17 ambaye atakuwa ametimiza 18 ifikapo siku ya uchaguzi wa Novemba anaruhusiwa kupiga kura kwenye mchujo wa Juni. Binti yangu anatimiza Oktoba. Fomu yake tumeshaituma, na ameniuliza maswali kuhusu hivyo viti vya mtaa ambayo itabidi nikamuulize karani wa kaunti wiki ijayo.